Chumba cha Mwisho Ngomeni

Hii ilikuwa mara ya tatu wiki ile mzee kupanda ngazi za ngome, na magoti yalishaanza kumgomea. Kila mara alijiunga na kundi la mtembeza wageni yule yule, mtu mzima mwenye kofia pana na mdomo usiojua kuchoka.

Wengine walikuja kutazama mji ulivyojitandaza chini ya kilima, paa kwa paa hadi bandarini. Mzee hakuwa na haja na mji. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja. Kwa sababu ya mtu huyo alikula miaka sita jela, na aliporudi nyumbani alikuta mke kashaolewa na mama kashazikwa. Tetesi zilimfikia kwamba mtu huyo anafanya kazi humu humu ngomeni.

"Hapa palikuwa gereza," mtembezaji alisema walipofika kwenye ujia wa chini. "Chumba hiki cha mwisho alikaa mfungwa namba kumi na saba. Ndiye pekee aliyewahi kutoroka."

"Alitorokaje?" aliuliza mama mmoja mwenye mwavuli.

"Kwa miguu, mama. Aliusukuma mlango, akaukuta wazi."

Wageni walicheka. Mtembezaji akanogewa, na leo akaongeza chumvi kidogo. "Mlinzi wa zamu alikuwa amevua buti, anapuliza malengelenge ya vidole huku anaimba wimbo wa kubembelezea watoto."

Kundi zima likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Damu ilimchemka mpaka masikioni. Habari za buti na wimbo hazikuandikwa kwenye kitabu chochote. Walizijua watu wawili tu duniani, mlinzi na mfungwa wake.

Kumbe ndiye. Kaota kitambi, kafuga ndevu, na sasa anachekesha watu kwa masaibu ya mwenzake. Miaka ishirini na sita mzee alikuwa ameilea chuki hii, na leo mtu huyu angeona cha mtema kuni.

Wageni walipopanda juu kupiga picha, mzee alimgusa mtembezaji begani. "Samahani ndugu yangu, macho yenyewe ndiyo haya ya kizee. Hebu ingia unionyeshe alikuwa analala wapi."

"Bila shaka, mzee wangu."

Akaingia, akajilaza kwenye kitanda cha saruji, mikono kifuani, kofia usoni. Mzee akausukuma mlango wa chuma na kushusha komeo la nje.

"Una masihara wewe mzee," sauti ilisema ndani, bado inacheka. "Fungua basi, wageni wananingoja."

Mzee alisogeza mdomo kwenye tundu la mlango. Hakupandisha sauti.

"Kumi na saba."

Kicheko kikakatika. Ndani, visigino viligongana na mgongo ukabana ukutani.

"Nipo, afande."