Mkono wa Pacha

Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe mkubwa kama ngumi katika pafu la mgonjwa aliyelala mashineni kwa jina la Kulwa, ndipo mpiga picha akamwita Nesi Nyanzobe aje kudunga dawa ya kuufanya uonekane vizuri zaidi.

Nesi akaushika mkono wa mgonjwa, akaganda. Juzi tu alimtoa Kulwa damu kwenye mkono huohuo, na mshipa ukavilia damu ukawa mweusi kama bilinganya. Leo ulikuwa safi kama wa mtoto mchanga.

“Nitajie jina lako, kaka.”

“Si nimeshataja mara tatu? Kulwa.”

“Kulwa gani huyo anayepona kwa siku mbili?”

Jamaa akacheka mpaka kitanda cha mashine kikatikisika. “Umenikamata, dada! Mimi Doto, pacha wake. Tunafanana hata mbwa wetu hutuchanganya, hutubwekea kwa zamu. Mwenyewe yuko nje kwenye benchi, anaiogopa mashine yenu, anasema inameza watu. Nikamwambia kaa hapo, mimi mzima nitaingia badala yako. Tumetoka tumbo moja, picha si ileile?”

Nyuma ya kioo, mpiga picha aliinamisha uso.

“Wewe hukohoi?” Nesi akauliza taratibu.

“Mimi? Hata mafua siyajui!”

Kikohozi kirefu kikasikika kutoka barazani. Doto akaangua kicheko.

“Msikie huyo! Mgonjwa wenu ndiye yule.”

Nesi Nyanzobe akaiweka sindano kwenye trei, akavuta kiti, akakaa. Mkono wa Doto hakuuachia.