Fremu ya Asubuhi

Msumeno ulikuwa umeshakula nusu ya shingo ya fremu Fundi aliposikia bomba la bafuni likifungwa. Akaongeza kasi. Vumbi jeusi la kaboni lilikuwa limetapakaa kwenye vigae vya jikoni, na kitambaa alichojifunga puani kilikuwa kimegeuka kijivu.

Jina la Fundi alipachikwa na mumewe, siku alipoajiriwa kiwandani kutandika vitambaa vya kaboni ndani ya kalibu. Mumewe huyohuyo ndiye aliyekuwa akioga huku akipiga mluzi, akijiandaa kwa mashindano ya saa tatu, kundi la waliovuka miaka arobaini. Na baiskeli iliyolazwa mezani, imeshafunguliwa usukani na magurudumu, ilikuwa yake. Aliipenda kupita kiasi. Ilikuwa na jina kubwa kwa herufi za fedha, jina ambalo watu wazima na akili zao husimama barabarani kulitazama.

Wiki tano nzima baiskeli hiyo ilikuwa imemnyima Fundi usingizi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kalibu yake ilitoa fremu mbili kwa zamu, moja asubuhi na moja baada ya chakula cha mchana. Vitambaa vilevile, mikono ileile, tanuri lilelile. Tofauti ilianzia chumba cha rangi: moja ilipakwa herufi za fedha, nyingine ikabandikwa stika ya njano na kuuzwa kwa robo ya bei. Siku kisa kilipotokea alikuwa ameshaziomba zote mbili kwa msimamizi. Ya asubuhi iwe ya mumewe, ya mchana iwe ya mdogo wake mwenyewe.

Halafu, akipangusa meza mwisho wa zamu, akakuta kipande kimoja cha kitambaa cha shingo kimejificha chini ya mkasi. Shingoni, pale usukani unapoingia, hulazwa vitambaa tisa. Kimoja hakikuingia.

Alijua papo hapo kuwa ni fremu ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo simu ya hospitali ilipoita kuhusu mama yake, na aliporudi mezani mawazo yote yalibaki hospitali. Angeweza kusema palepale. Lakini lingekuwa kosa lake la tatu, na la tatu mtu hufungashwa virago. Akakikunja kile kipande, akakitia mfukoni, akanyamaza. Alijidanganya kwamba angepata kisingizio kabla mumewe hajaipanda. Mumewe aliipanda siku hiyohiyo ilipofika.

Kwenye barabara tambarare za mjini ilistahimili. Leo kulikuwa na mlima wa kupanda saa nzima, na upande wa pili mteremko ambao watu wenye watoto huushuka wamefumba jicho moja.

Mdogo wake alikuwa amepita alfajiri kunywa chai, maana kundi lake la vijana huanza mbio saa moja. Alimkuta shemeji yake ameshaamka, hana kazi nyingine ila kumtania.

"Shemeji, na stika yako hiyo ya njano, ukifika kwenye mteremko teremka uisukume."

"Tutaonana kule chini, mzee. Nikichoka kukusubiri nitalala."

"Usimsikilize," Fundi alimwambia mdogo wake, akimmiminia chai. "Ni kalibu ileile."

Alisema hivyo macho yake yakiwa kwenye ile ya fedha iliyoegemea ukuta. Nafsi ilimsuta mpaka chai ikamwagika mezani. Mdogo wake akaondoka, mumewe akarudi kujinyoosha kitandani, na alipoingia kuoga ndipo Fundi alipoutoa msumeno.

Mlango wa bafuni ukafunguliwa. Mumewe akasimama na taulo kiunoni, mluzi ukamkauka mdomoni.

"Fundi. Unafanya nini?"

Akamwambia yote bila kuinua macho: kipande, simu ya hospitali, kosa la tatu, wiki tano. Alitegemea matusi. Mumewe akavuta kiti akaketi, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Wiki tano unasimama mlangoni unanipungia mkono," akasema. "Unaniambia niende salama."

"Ndiyo."

"Na unajua."

"Nilijua. Nisamehe. Niliihofia kazi yangu kuliko nilivyouhofia uhai wako." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja na kujipaka vumbi jeusi usoni. Hakuwahi kujiona mtu mbaya kabla ya hapo. Sasa alijiona.

"Nionyeshe," mumewe akasema. "Nikione hicho kilichotaka kuniua."

Fundi akamalizia kukata. Akausugua mkato kwa msasa laini, akaupangusa kwa maji kama wafanyavyo kiwandani fremu inapokaguliwa, mpaka vitambaa vikaonekana vimelaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Akahesabu kwa ncha ya sindano. Akarudia. Akageuza upande wa pili, akahesabu tena polepole, midomo ikimcheza.

"Vingapi?"

"Tisa."

Mumewe akainama kutazama mwenyewe, kidole kikifuata sindano. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Basi ilikuwa nzima, mke wangu. Umenichinjia baiskeli bure."

Fundi alikuwa ameshanyakua simu, vidole vyeusi vikiteleza juu ya kioo.

"Unampigia nani?"

"Mdogo wangu."

"Atapokeaje?" mumewe akasema, bado anacheka. "Saa mbili imeshapita. Mlima wameshaumaliza, saa hizi wanateremka."