Mfenesi wa Mwezi Mpevu

Mzee Mbwana alizikataa mbao tatu asubuhi moja, na zote tatu zilikuwa nzuri.

Mwanawe Suleiman alizirudisha darini moja moja bila kunung'unika. Zilikuwa za mvule uliokaa juu ya moshi wa jiko miaka sita. Ukiugonga kwa kidole, unaitika. Lakini baba ndiye fundi, na kutoka Msambweni hadi Funzi hakuna aliyewahi kubishana na Mzee Mbwana juu ya mti.

"Mzito," alisema mzee. "Utabeba gitaa au utabeba mlango?"

Suleiman alicheka. Tangu utotoni alipiga besi ya sanduku la majani ya chai, kijiti na kamba moja, harusi baada ya harusi, mpaka Kaingu, mwenye bendi ya Mombasa, akamsikia Diani. Kaingu alimwambia: njoo na gitaa lako la besi, nyuzi na mashine ya sauti nitatoa mimi, twende Nairobi kabla ya Jamhuri. Suleiman alitaka shingo tupu, isiyo na vile vyuma vya kupangia vidole, maana vidole vyake vilizoea kuteleza. Gitaa la namna hiyo halikuuzwa dukani. Lilikuwa la kutengenezwa tu.

Na hapo ndipo roho ya mzee ilipokuwa ikiungua. Mwanawe wa kwanza, Iddi, alikwenda vita vya Burma, na hata kofia yake haikurudi. Mama yao, Chiku, alikuwa angali akimwekea sahani kila sikukuu. Sasa na huyu! Amkataze? Angetoroka, tena na kinyongo moyoni. Mzee alitaka aende kwa radhi, kisha arudi kwa miguu yake mwenyewe, na akirudi asiondoke tena.

Basi akafanya jambo ambalo hakulifanya katika miaka arobaini ya ufundi.

Shingo aliifanya kwa haki. Alichagua msaji mkavu, ulionyooka, akaupiga randa mpaka ukang'aa, kwani shingo ikipinda mapema kijana angegundua hapo hapo nyumbani. Ubaya aliuweka kwenye kiwiliwili cha gitaa. Alimchukua Suleiman mpaka shambani, mchana kweupe, ili waangushe mfenesi mbichi.

"Baba, mwezi umejaa," Suleiman alisema. "Si wewe uliyenifunza kwamba mti hukatwa mwezi ukiwa kizani, ama sivyo wadudu wataula?"

"Hayo ni ya boriti na vitanda. Gitaa linataka mti uliojaa maji yake, ndipo liimbe."

Uongo mtupu! Mtoto yeyote wa fundi angeujua. Lakini Suleiman aliitika, "Haya, baba," akashika msumeno. Siku ya kuchonga aliona pia kwamba ule weupe wa mti ulio karibu na gome, ambao wadudu huupenda kuliko kitu chochote, haukuondolewa. Aliupitishia kidole, akamtazama baba yake, akatabasamu.

"Wewe ndiye unayejua," alisema.

Mzee alitoka nje akijidai anatafuta gundi. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akajiambia: miezi sita, ikizidi sana saba. Litabunguliwa na wadudu, lipasuke, naye atamletea nani kama si mimi? Nitamwambia kaa, mwanangu, nikutengenezee jingine. Na hilo jingine halitakwisha mpaka mmenizika.

Gitaa lilitoka zuri, wallahi. Suleiman alilifunga nyuzi alizoletewa na Kaingu, akalipiga barazani, na majirani wakasahau vyungu motoni. Siku ya safari alimbusu baba yake mkono, kisha akambusu mkono wa pili.

Salamu zilikuja kila mwezi kwa dereva wa basi. Mwezi wa sita zikakatika. Chiku hakulala, mzee alifurahi kimya kimya. Limeanza, alijiambia, anaona haya kunieleza. Akazing'oa nyasi zilizoota mbele ya chumba cha kijana na kukipaka chokaa. Mwezi wa nane ukapita, wa tisa ukapita. Kila basi liliposimama, aliweka randa chini.

Mwezi wa kumi na moja, adhuhuri, ikaja hodi. Alikuwa Kaingu, peke yake, amekumbatia kitu kilichofungwa shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Suleiman yuko wapi? Yuko nyuma na mizigo?"

Mzee hakungoja jibu. Alifungua shuka, na unga wa mbao ukamwagikia magotini. Kiwiliwili kilikuwa kimejaa matundu, kimepasuka vipande viwili. Furaha ilimpanda mzee, akaita:

"Chiku! Chiku we! Bandika chai, mwanao amerudi!"

"Mzee, kaa kwanza," alisema Kaingu.

"Lilimpasukia wapi?"

"Jukwaani, mbele ya watu mia mbili. Yeye mwenyewe hakukasirika, alicheka pamoja nao. Lakini Charo, mpiga ngoma wetu, aliokota kipande, akaupuliza ule unga, akasema aliyelitengeneza gitaa hili ni mjinga, hajui mti."

Mzee alikuwa bado anatabasamu.

"Suleiman alimpiga ngumi moja tu, Mzee Mbwana. Charo akaangukia kichwa, hakuamka. Juzi kesi ilikwisha. Wamempa kifungo cha maisha."

Chiku alikuwa amefika mlangoni na birika mkononi. Kaingu aliinamisha macho.

"Niliruhusiwa kumwona. Hakulia. Alisema: 'Kamwambie baba astarehe. Hakuna atakayethubutu tena kusema kwamba yeye hajui mti.'"