Kitanda Kimoja, Chakula Halali

Muthomi alitaka vitu vitatu: kisiwa, kitanda kimoja, na chakula halali.

Kaari aliacha kuchapa. Kwa ofisi yake hapo Makutano, juu ya duka la dawa za ng'ombe, watu walikuja kukata tiketi za kwenda Nairobi kuona daktari ama Mombasa kuzika mtu. Hanimuni hajawahi kuuza hata moja. Na kati ya wanaume wote wa Meru, wa kwanza kuja kuitafuta ni huyu, aliyekuwa akimletea chane la ndizi kutoka Mitunguu kila Ijumaa bila kusema kwa nini.

Leo hata ndizi hakuleta.

"Tulisema saa tatu," Kaari akamwambia.

"Nilikuwa napeleka mzee nyumbani kwa pikipiki. Alilala kwa mtaro tena, nyuma ya baa."

"Mzee Gitari ataumwa na baridi siku moja."

"Si leo. Tafuta kisiwa."

"Na hiyo halali ni ya nani?" Kaari aliuliza kama mtu ambaye hajali. "Umepata msichana Mwislamu wa Isiolo?"

"Makutano iko na midomo mingi. Wewe andika halali. Na si ile ya kubandika kwa mlango. Halali ya ukweli. Nguruwe hakuna, pombe hakuna, hata mpishi asikuwe na chupa chini ya kitanda."

"Wakwe wako ni wakali."

"Kaari, tafuta."

Alitafuta, akipiga hiyo kompyuta kama anapura maharagwe. Akapata kisiwa kidogo huko pwani, hoteli ya vyumba sita. Samaki wa nazi, pilau, juisi ya ukwaju. Maua kwa kitanda, bure.

"Pombe hawauzi," akasoma. "Na huwezi ingia nayo. Wanapekua mifuko kabla upande boti."

Muthomi akavuta kiti karibu. "Wanapekua?"

"Wanapekua."

"Hao ni watu wazuri sana. Boti inakuja siku gani?"

"Jumamosi kwa Jumamosi."

"Na katikati, mtu akitaka kutoroka?"

"Aogelee."

"Hajui kuogelea!" Muthomi alicheka mpaka akagonga meza. "Weka wiki mbili."

Kaari alimwangalia. Akaanza kumhurumia huyo msichana wa Isiolo, na hiyo ilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa amejipanga kumchukia.

"Harusi ni lini?"

"Tarehe ishirini mwezi ujao."

"Na hanimuni ni mwezi huu? Kabla ya harusi? Pasta wenu akijua?"

"Pasta ndiye alisema. Wiki mbili za mtihani. Bwana harusi akipita, anafungishwa. Akianguka, hakuna harusi. Na ameshaanguka mara tatu. Hii ni ya mwisho, pasta amesema hafungui kitabu cha ndoa tena."

Mara tatu. Kaari akahesabu wasichana aliosikia wakitajwa pamoja na Muthomi hapo steji ya pikipiki. Wakafika watatu kamili.

"Wiki mbili, kitanda kimoja, na msiguse kitu?" akauliza. "Huo ni mtihani gani, wewe?"

"Hiyo ya kugusa pasta hakutaja."

"Muthomi!"

"Kitanda kimoja ni bibi harusi alisema. Amechoka kulala peke yake."

Simu yake ikalia. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya haraka. Muthomi akageukia dirisha. "Eeh, imepatikana... Kimoja, ndio... Maua iko. Bure... Acha kulia sasa. Panga nguo." Alikuwa akiongea pole pole, na upole huo Kaari hakujua kama anao.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ako na haraka."

"Ungekuwa na haraka pia. Amengoja hiyo pete tangu mimi sijajua kupanda pikipiki. Kila Meza ya Bwana wenzake wanasimama kwenda kula mkate, yeye anabaki kwa benchi akishika mifuko yao. Ati hajafungishwa ndoa kanisani."

Kaari akasimamisha vidole. "Ngoja. Huyo ni Mkristo?"

"Nani alisema si Mkristo?"

"Sasa halali ni ya nini?"

"Halali ni ya bwana harusi."

Kaari hakuelewa, na hakutaka kuuliza tena asije akalia mbele ya mteja. Akanyoosha mkono. "Leta vitambulisho. Vyote viwili. Nimalize hii kazi."

Muthomi akatoa vitambulisho viwili kwa mfuko wa shati, akaviweka mezani kimoja juu ya kingine.

Kaari akainua cha juu. Gitari. Amezaliwa 1958.

Akainua cha chini. Angeline. Amezaliwa 1962. Lile paji la uso lilikuwa la Muthomi, halijaongezwa wala kupunguzwa.

Akaviangalia tena. Akamwangalia kijana. Kijana alikuwa anaangalia dari.

"Ndizi zako ziko kwa pikipiki," Muthomi akasema. "Niliona zitaniaibisha kama kuna wateja."

Simu ikalia tena. Safari hii Muthomi akaiweka mezani, sauti juu. Ilikuwa ya mwanaume, nzito ya usingizi na yenye furaha.

"Kijana! Mama yako ananiambia tunaenda kula raha pwani. Uliza huyo msichana wa tiketi, baa ya huko inafungwa saa ngapi?"

Muthomi akanyoosha mkono kuizima. Kaari akavuta simu upande wake.

"Usijali, Baba," akasema. "Tangu hicho kisiwa kiwe hapo, baa haijawahi kufungwa."