Beseni la Mama Kavira

Mjumbe wa taifa kubwa alishuka kwenye helikopta na mkataba wa amani ulioandikwa kwao. Wenye mji hawakuulizwa neno. Waliambiwa tu saa ya kupiga makofi.

Uwanjani, Mama Kavira, aliyezika wanawe wawili, alikuwa ameshika beseni la maji. Katika mji ule, aliyeua hunawa mbele ya wafiwa, na kunawa ndiko kukiri. Makamanda wa pande mbili zilizopigana walilitazama beseni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Mjumbe akachoka kungoja. Aliona kamera, akapandisha mikono ya shati, akatumbukiza viganja vyote viwili.

Mkalimani alishtuka. "Mheshimiwa, hayo maji ni ya..."

"Mwache anawe," Mama Kavira alimkatiza. "Bunduki zote zilitoka kwao. Leo ndiyo mara ya kwanza anasema kweli."

Mjumbe, asiyejua lugha ya mji, akamtabasamia kama mtu aliyesifiwa. Kisha akainua mikono, akiomba taulo.

Uwanja mzima ulimtazama, maji yakimtiririka hadi viwikoni. Hakuna aliyenyanyuka kumletea.