Saini za Kumfukuza Kocha

Saini ya thelathini na moja Severa aliipata kwa muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, mama mwenye mtoto kwenye timu ya mpira ya vijana. Kamati ya timu ilitaka thelathini tu. Yeye alitaka na ya ziada. Hakumbembeleza mtu, alionyesha tu picha ya goti la mwanawe Allen, miaka kumi na minne, lilivyoshonwa.

Alimchukia Kocha Zahoro na hakuona haya kusema. Siku tano mfululizo aliiacha meza yake ya viatu vya mitumba pale Mchikichini, akaizunguka Kariakoo duka kwa duka, akitaka jambo moja: mtu yule asipulize tena filimbi mbele ya mtoto wa mtu. Akiwaza Zahoro anafukuzwa, hata chai ilimkolea.

Daktari alikuwa amemweleza wazi. Goti liliumia wiki mbili kabla ya fainali ya kombe la likizo, na kijana akalificha nyumbani. Lingepumzishwa, lingepona. Aliyemwingiza uwanjani ndiye aliyemmaliza, na sasa mpira basi.

Jumamosi kamati ilikaa. Severa aliweka karatasi zake mezani, akasema yote. Mwenyekiti, Mzee Idrisa, akamgeukia kocha.

Zahoro hakubishana. Alikiri kwamba siku ya fainali alikuwa msibani Bagamoyo, timu akamwachia msaidizi. Wazazi wakaguna. Severa alijua amekwisha huyu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Goti nililiona, Mama Allen," kocha akasema. "Nilimtuma akwambie. Halafu nikafanya ninavyowafanyia wote wakiumia: viatu vyake nikavichukua, nikavifungia kwangu mpaka apone. Mtoto asiye na viatu hachezi."

Akatoa jozi kwenye mfuko wa rambo, akaiweka juu ya zile saini.

"Hivi hapa. Mpaka leo sijui nani alimpa vingine."

Wote wakamgeukia Severa, wakisubiri amjibu. Asubuhi ile ya fainali Allen alikuwa amemjia pale mezani pake Mchikichini, akasema kaibiwa viatu. Naye akafungua belo jipya la viatu, akamchagulia jozi nzuri kuliko zote, akainama akamfunga kamba mwenyewe.