Chupa Inayocheza

"Kaka, kuna chupa inacheza juu ya maandishi!" Dada yake Régis alikuwa akipiga kelele kwenye simu kutoka Kabeza, mtoto akilia nyuma yake. "Mtoto amekunywa mafuta ya taa, pikipiki ya kutupeleka hospitali haijafika. Nimefungua mtandao kwenye simu ya jirani, nataka kusoma nimfanyie nini, na hii chupa ya juisi haitoki!"

Régis aliganda mbele ya kompyuta. Chupa hiyohiyo ya tangazo ilikuwa kwenye kioo chake, inakata kiuno, kizibo kinaruka, povu linamwagika hadi kufunika ukurasa mzima. Wiki nzima alikuwa ameichora kazini, tone kwa tone, na bosi akampigia makofi.

"Bonyeza alama ya kufungia."

"Hakuna alama, Mana we, Mungu wangu!"

Ilikuwepo. Alikuwa ameipaka rangi nyeupe ndani ya povu jeupe, kwa mkono wake mwenyewe, ili watu wachelewe kuiona.

"Juu kabisa, kulia, kwenye povu," alisema. "Bonyeza tu, hata kama huoni kitu."

Akasikia kucha ikigonga kioo, mara moja, mara mbili.

"Imetoka." Nyuma ya dada yake, mtoto hakuwa akilia tena. "Kaka, wewe umejuaje?"